Waliotazama ni Wangapi, na Wamepata Nini? Hesabu za Watazamaji na Mafanikio ya Huduma za Video za Familia

Mhadhara kwa walimu, wazazi na viongozi wa jamii, Sachangwan, Kaunti ya Nakuru



Najua siku ya leo wengi wenu mmeacha viazi shambani na ng'ombe wakingoja kukamuliwa ili mje tuzungumze kuhusu runinga na simu za watoto. Mtu haachi kazi ya namna hiyo kwa jambo dogo. Kuja kwenu kunaonyesha kuwa mmeliona jambo hili kuwa la malezi, wala si la burudani peke yake.

Mada niliyopewa inahusu huduma za kutiririsha video kupitia intaneti, hasa zile zinazojitangaza kuwa za familia nzima. Nimeulizwa hivi: tukiambiwa kuwa huduma fulani imetazamwa na mamilioni ya watu, je, tukubali kuwa imefanikiwa? Kusudi langu ni kuwapa wazazi na walimu njia ya kuzisoma hesabu hizo wenyewe, bila kungoja kusomewa na mwenye kuuza. Msimamo wangu nautaja mapema: hesabu ya watazamaji ni ushahidi unaohitajika, lakini haitoshi kutoa hukumu. Huduma ya familia imefanikiwa pale ambapo familia huirudia kwa hiari, na mtoto hutoka mbele ya kioo akiwa na kitu alichopata. Nitajenga msimamo huo kwa hoja sita.

Hoja ya kwanza: bila hesabu, hakuna kipindi kinachoishi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kipindi cha runinga ni mali. Kuna mwandishi, mwigizaji, mchoraji wa katuni, fundi wa sauti, na wote wanataka mshahara mwisho wa mwezi. Anayelipa, awe mtangazaji wa sabuni, mfadhili au mteja wa kila mwezi, atauliza kama kipindi kinatazamwa.

Swali hilo lina umri mkubwa. Nchini Marekani kampuni ya Nielsen ilianza kupima utazamaji wa runinga mwaka 1950, kwa kuchagua nyumba chache na kufunga kifaa kwenye runinga zao. Kifaa kilionyesha stesheni iliyofunguliwa, lakini hakikujua kama mbele ya runinga ameketi baba, mtoto, au hakuna mtu. Mwaka 1987 kampuni hiyo ikaleta kifaa chenye vitufe, kila mtu wa nyumbani na kitufe chake, akiketi anabonyeza na akiondoka anabonyeza. Kwa hiyo tangu zamani wapimaji walitambua kuwa runinga iliyowashwa si sawa na mtu anayetazama.

Hesabu nzuri inaweza kubadilisha njia ya kipindi kizima. Filamu ya watoto ya Moana ilitoka katika kumbi za sinema mwaka 2016. Ilipowekwa kwenye huduma ya Disney+, familia ziliirudia bila kuchoka. Mwaka 2023, miaka saba baada ya kutoka, Nielsen ilihesabu kuwa ilitazamwa kwa dakika bilioni 11.6 nchini Marekani, na hakuna filamu nyingine iliyotiririshwa zaidi yake mwaka huo. Wakati huo Disney ilikuwa ikitengeneza mwendelezo wake kama mfululizo wa vipindi vya nyumbani. Mapema mwaka 2024 ikabadili mpango, mfululizo ukawa filamu ya kumbi za sinema. Moana 2 ilitoka Novemba 2024 na mapato yake yakapita dola bilioni moja. Hapo hesabu ilionyesha kitu cha kweli: watoto waliokuwa wakiirudia filamu ya kwanza sebuleni walikuwa tayari kuwavuta wazazi wao hadi kwenye ukumbi.

Ninaanza na hoja hii ili mtu asiseme nimekuja kuzidharau takwimu. Ninachoomba ni tuzisome kwa makini.

Hoja ya pili: kabla ya kuamini idadi, uliza kipimo

Hapa Sachangwan sihitaji kumfundisha mtu maana ya kipimo. Mkulima wa viazi wa Molo, Kuresoi au Elburgon anaijua lumbesa. Dalali anakuja na gunia lililoshonewa kilemba juu, analijaza hadi linainama, kisha analipa bei ya gunia moja. Kwa jina ni gunia, kwa uzani ni gunia na nusu. Ndiyo maana kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50. Hesabu ya watazamaji nayo ina lumbesa yake.

Chukueni mfano wa Netflix, huduma iliyoingia Kenya Januari 2016. Kwa muda mrefu, ili nyumba ihesabiwe kuwa imetazama kipindi, ilitakiwa iwe imetazama angalau asilimia 70 ya sehemu moja. Januari 2020 kampuni ikatangaza kipimo kipya: aliyetazama dakika mbili tu amehesabiwa, kwa maelezo kwamba dakika hizo zinatosha kuonyesha kuwa alikichagua kwa makusudi. Kampuni yenyewe ikaeleza kuwa kwa wastani kipimo kipya kinatoa idadi iliyo juu kwa takriban asilimia 35. Ikataja mfululizo wa Our Planet, wa wanyama na mazingira, ambao familia nyingi huutazama pamoja: kwa kipimo cha zamani nyumba milioni 33, kwa kipimo kipya nyumba milioni 45. Fikirini hapo, walimu. Nyumba milioni 12 ziliongezeka bila mtu hata mmoja kuongezeka mbele ya runinga.

Kipimo hakikuishia hapo. Mwaka 2021 kampuni ikahamia kwenye saa zilizotazamwa, na Juni 2023 ikaanza kugawanya saa hizo kwa urefu wa kipindi ili ipate idadi ya mitazamo. Njia hii ni ya haki zaidi, kwa kuwa filamu ndefu haipati ushindi kwa urefu wake tu. Desemba 2023 ikachapisha ripoti ya kwanza iliyoorodhesha saa za filamu na misimu ya vipindi zaidi ya 18,000 kwa miezi sita. Hilo ni jambo la kupongezwa, kwa sababu mwenye duka alifungua daftari na watu wakaliona.

Tuipime njia hiyo kwa hesabu nyepesi. Katuni ina dakika saba. Imetazamwa kwa jumla ya dakika 700. Gawanya, unapata mitazamo 100. Je, ni watoto 100 walioitazama mara moja moja? Au ni watoto 10 walioirudia mara kumi kila mmoja? Au ni watoto 200 walioacha katikati? Jibu la hesabu ni moja, ilhali hali za nyumbani ni tatu tofauti kabisa.

Kwenye YouTube mambo ni hivyo hivyo. Tangu 31 Machi 2025, video fupi zinahesabiwa mtazamo kila zinapoanza kucheza au kurudia, bila kiwango cha muda. Kijana anayepitisha kidole kwenye simu huku akiwaza mengine anaacha nyuma yake msururu wa mitazamo. Kwa hiyo mtu akija na idadi, swali letu la kwanza liwe: umehesabu nini?

Hoja ya tatu: familia haitazami kama mtu mmoja

Naomba wenye watoto wa chini ya miaka kumi wainue mikono. Asanteni. Sasa ninyi mlioinua mikono ndio wataalamu wa hoja hii.

Mtu mzima akimaliza filamu, ameimaliza. Mtoto mdogo akiipenda katuni ataitaka leo, kesho na wiki ijayo, sehemu ile ile, wimbo ule ule. Kwake kurudia ni njia ya kujifunza: mara ya kwanza anashangaa, mara ya tano anajua kinachofuata, mara ya kumi anasema maneno kabla ya mhusika. Ndiyo sababu vipindi vya watoto hutawala orodha za dakika zilizotazamwa. Bluey, katuni ya familia ya mbwa iliyotengenezwa Brisbane, Australia, na kuanza kuonyeshwa Oktoba 2018, ina sehemu za dakika saba hivi. Mwaka 2024 Nielsen iliihesabia dakika bilioni 55.6 nchini Marekani, zaidi ya kipindi au filamu yoyote iliyotiririshwa huko mwaka huo. Dakika hizo hazituambii kuwa watu wengi zaidi duniani walikiona kipindi hicho kuliko kingine. Zinatuambia kuwa nyumba zinazokipenda hazikiachi. Na kwa huduma ya familia, huo ni ushindi mkubwa, kwa sababu mzazi ambaye mtoto wake ataulizia Bluey kesho asubuhi hawezi kukata malipo usiku wa leo.

Upande wa pili ni kuketi pamoja. Kwa sensa ya mwaka 2019, kaya ya Kenya ilikuwa na wastani wa watu 3.9. Kwetu vijijini runinga moja inaweza kukusanya watoto wa nyumba tatu, pamoja na nyanya na mfanyakazi wa shamba. Akaunti ni moja, runinga ni moja, na mtambo ulio mbali unahesabu kuwa wasifu mmoja, yaani jina moja la mtumiaji ndani ya akaunti, umetazama. Hapo idadi iko chini ya ukweli. Lakini kuna usiku mwingine ambapo simu imeachwa ikicheza karibu na kitanda, mtoto amelala tangu saa mbili, na sehemu zinafuatana zenyewe hadi bando liishe. Hapo idadi iko juu ya ukweli.

Kuna pia suala la nani anatazama kwa jina la nani. Watu wengi hawafungui wasifu wa watoto. Mtoto anaingia kwa wasifu wa baba, na mtambo unamwandika kuwa mwanamume mzima anayependa katuni. Kesho yake anapendekezewa filamu za bunduki. Hasara ni mbili: hesabu imepotoka, na mtoto ameonyeshwa asichofaa kuonyeshwa. Runinga ya kawaida ina saa zake, na kanuni zetu za utangazaji zinakataza maudhui ya watu wazima kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Video ya intaneti haijui saa hizo. Anayejua ni mzazi aliyetenga wasifu wa mtoto na kuweka namba ya siri kwenye wake.

Hoja ya nne: watazamaji wengi na biashara nzuri ni vitu viwili

Tuje kwetu Kenya. Septemba 2021 Netflix ilifungua mpango wa bure nchini mwetu, kwa simu za Android, ukiwa na takriban robo ya vipindi vyake na bila matangazo. Mtu hakuhitaji kadi ya benki. Shabaha ilikuwa wazi: watu waonje, wazoee, kisha walipe. Mpango huo ulifungwa tarehe 1 Novemba 2023. Kitu cha bure kinaweza kuvuta watazamaji wengi sana, lakini swali la mwenye biashara lilikuwa lile lile tangu mwanzo: wangapi walivuka kutoka kuonja hadi kulipia?

Showmax, huduma ya kampuni ya MultiChoice ya Afrika Kusini, inatupa funzo jingine. Ilizinduliwa upya Februari 2024 kwa mtambo mpya na vipindi vingi vya Kiafrika, vya Kenya vikiwemo. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, wateja wake wanaolipa waliongezeka kwa asilimia 44. Mwaka huo huo hasara yake nayo ikapanda. Mtu akikuonyesha safu ya kwanza tu, utapiga makofi. Akikuonyesha ya pili tu, utamhurumia. Ukweli uko kwenye safu zote mbili zikisomwa pamoja: kumvuta mteja ni gharama, na kumtengenezea vipindi vizuri ni gharama kubwa zaidi.

Kuna somo la hapa nyumbani ambalo naliona kuwa la thamani. Viusasa, huduma ya Kikenya iliyoanza mwaka 2017, ilimruhusu mtu kulipa ada ndogo kwa siku moja kupitia simu yake. Huo ndio mwendo wa mifuko yetu. Mama anayeuza mboga kando ya barabara kuu hana mpango wa malipo ya mwezi, ila ana shilingi za leo. Kwa mteja wa namna hiyo, kipimo bora cha mafanikio ni marejeo: aliyelipa Jumamosi, je, amelipa tena Jumamosi iliyofuata? Kila malipo ya siku ni kura mpya. Mteja wa mwezi anaweza kusahau kuwa amelipia na akahesabiwa miezi mitatu bila kufungua. Mteja wa siku hawezi kusahau.

Ndiyo maana wakubwa wa biashara hii wenyewe wamebadili wanachotangaza. Netflix iliacha kutoa idadi ya wateja wake kila robo mwaka kuanzia mwaka 2025, ikisema inataka ipimwe kwa mapato na kwa muda ambao watu hutumia kutazama. Kwa sisi wazazi, mabadiliko hayo yana maana nyeti: muda wa mtoto wako sasa ndio kipimo cha ushindi wa kampuni. Hapo ndipo inatubidi tusimame imara, maana faida ya kampuni ikihesabiwa kwa saa, hekima ya nyumbani haihesabiwi hivyo.

Hoja ya tano: kipimo kikubwa ni anachopata mtoto

Mwaka 1969, kipindi cha Sesame Street kilianza nchini Marekani kikiongozwa na Joan Ganz Cooney. Kabla hakijarushwa, mtafiti Edward Palmer aliwaketisha watoto mbele ya runinga, na kando yake akaweka picha za slaidi zilizobadilika kila sekunde saba na nusu. Kila picha mpya ilikuwa kishawishi. Watafiti waliandika ni wakati gani macho ya mtoto yalibaki kwenye kipindi na ni wakati gani yaliiacha runinga. Sehemu iliyowapoteza watoto ikarekebishwa au ikatupwa. Hiyo ilikuwa hesabu ya uangalifu, si ya runinga zilizowashwa. Na hata hiyo haikuwatosha, kwa sababu walitaka pia kujua kama mtoto amejifunza herufi na namba.

Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Shirika la Ubongo lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, na mwaka 2014 Ubongo Kids ikaanza kuonyeshwa Tanzania, ikifundisha hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo za Kiswahili. Watoto waliweza kujibu maswali ya kipindi kwa ujumbe mfupi wa simu na kupata jibu. Tazameni busara ya jambo hilo: mtoto anayejibu swali amekwishathibitisha kuwa alikuwa akitazama, na alikuwa akifikiri.

Baadaye kikaja kipindi cha watoto wadogo zaidi, Akili and Me. Mtafiti Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland aliongoza utafiti mjini Morogoro, ukachapishwa mwaka 2018. Watoto zaidi ya 500 walihusishwa. Baadhi walionyeshwa Akili and Me kwa wiki kadhaa, na wengine wakaonyeshwa vipindi vingine. Walioona Akili and Me walionyesha maendeleo makubwa zaidi katika mambo kama kuchora, kutambua maumbo, kutambua namba na kuhesabu. Ndugu zangu, hiyo ndiyo aina ya takwimu ambayo mzazi wa Sachangwan anastahili kupewa. Ikiwa nitaambiwa kipindi kimoja kina mitazamo milioni kumi, na kingine kina laki tano lakini mtoto wangu anatoka pale akihesabu hadi ishirini, najua kipi nitakilipia bando.

Hapa Kenya, stesheni ya Akili Kids! ilianza kurusha vipindi vya watoto tarehe 31 Machi 2020, bila malipo, wiki mbili hivi baada ya shule zote kufungwa kwa sababu ya korona. Walimu mnakumbuka miezi ile. Nyumba nyingi zilihitaji mtu wa kukaa na watoto na kuwafundisha walau kidogo. Wakati kama ule, mafanikio ya stesheni hayakuwa tu katika kuwashinda wapinzani kwa idadi. Yalikuwa katika kuwepo, kwa bei ya bure, pale ambapo darasa halikuwepo.

Hoja ya sita: asiyehesabiwa hatengenezewi

Nimeiweka hoja hii mwisho kwa sababu ndiyo inayotugusa kuliko zote.

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa asilimia 40.7 tu ya kaya za Kenya zilikuwa na runinga inayofanya kazi. Kaya zenye intaneti zilikuwa asilimia 17.9. Radio ilikuwa mbele, asilimia 56.9. Kwa hiyo kila huduma ya kutiririsha inapotangaza watazamaji wake wa Kenya, inazungumza kwanza kuhusu sehemu ndogo ya nchi: wenye intaneti ya kutosha, na mara nyingi wenye makao mijini. Mtoto anayetazama kwa simu ya shangazi siku ya Jumapili, au kwa video iliyonakiliwa kwenye memori kadi, hayumo kwenye hesabu yoyote.

Tafiti za hadhira ya runinga nchini mwetu nazo kwa kawaida huwahoji watu wa miaka 15 na zaidi, wengi wakihojiwa kwa simu. Kuna sababu nzuri za maadili za kutomhoji mtoto mdogo bila mzazi wake. Lakini matokeo yake ni haya: karibu watu wanne katika kila kumi nchini walikuwa chini ya miaka 15 wakati wa sensa ile, na utazamaji wao tunaukisia kupitia watu wazima.

Wala sisemi kampuni ziachiwe kuwachunguza watoto wetu ili ziwahesabu vizuri. Septemba 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi, na tangu Januari 2020 YouTube ilipunguza taarifa inazokusanya kwenye video za watoto. Sisi pia tuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, katika kifungu cha 33, inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa, na inataka jambo hilo lifanywe kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Haki hiyo ni yenu. Hesabu inayopatikana kwa kumpeleleza mtoto ni hesabu ya haramu, hata ikiwa sahihi hadi nukta ya mwisho.

Njia ya haki ipo: kuwahoji wazazi kwa hiari yao, kwenda vijijini badala ya kupiga simu pekee, kuwatembelea watoto shuleni kwa ruhusa, na kuuliza kwa Kiswahili, Kikalenjin na Kikuyu, lugha ambazo watu wa hapa hutumia sokoni na nyumbani. Ni kazi ya gharama kuliko kusoma namba kwenye mtambo. Lakini mtayarishaji akiona kwenye ripoti yake watoto wa Nairobi pekee, atawatengenezea watoto wa Nairobi pekee, na mtoto wa Sachangwan atakua akitazama maisha ya wengine, asione hata mara moja katuni yenye baridi ya Mau, shamba la viazi na malori yakipanda mlima usiku.

Mwenyekiti, naelekea mwisho. Nimesema hesabu ni za lazima. Nimesema kipimo kiulizwe kabla ya idadi, familia haitazami kama mtu mmoja, na wingi wa watazamaji si sawa na biashara iliyo salama. Nimesema pia kipimo kikubwa ni anachopata mtoto, na wasiohesabiwa husahaulika. Sasa niseme ya kufanya.

Kwa wazazi: fungueni wasifu wa watoto, ketini nao walau sehemu moja ya kipindi, kisha waulizeni wameona nini. Mpimaji akija mlangoni au akipiga simu, na mkishahakikisha ni wa kweli, mjibuni. Kunyamaza kwetu kunahesabiwa kuwa hatupo.

Kwa walimu: wekeni daftari dogo la darasa. Andikeni ni vipindi gani watoto huvitaja, nyimbo gani wanaziimba, neno gani jipya wamelitoa huko, na tabia gani mbaya pia. Shule kumi za eneo hili zikiweka daftari hilo kwa mwaka mmoja, mtakuwa na taarifa ambayo hata mtambo mkubwa wa ng'ambo hauna. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, si mbali. Wapelekeeni wataalamu wake daftari hizo, waombeni wazisome pamoja nanyi.

Kwa Mamlaka ya Mawasiliano na wote wanaotoa ripoti za hadhira: pimeni utazamaji wa watoto kama somo linalojitegemea, kwa idhini ya wazazi, na vijiji viwe ndani ya sampuli. Kwa wenye huduma: kila mnapotangaza idadi, tangazeni na kipimo chake. Tuambieni waliofungua, waliomaliza, waliorudi mwezi uliofuata, na watoto walichojifunza. Namba hizo nne zikikaa pamoja, mzazi hatadanganyika.

Na kwa vijana mlioketi nyuma, wenye simu nzuri na mawazo mengi: Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, na soko la vipindi vya watoto kwa lugha zetu lina nafasi kubwa. Anzeni kutengeneza. Msikatishwe tamaa na mitazamo mia mbili ya mwanzo, bali tafuteni kujua ni watoto wangapi kati yao waliomwita ndugu yao waje watazame tena.

Siku mtu atakapokuja hapa na kutuambia huduma yake imetazamwa na mamilioni, tumpe kiti na tumsikilize kwa heshima. Kisha tumwulize maswali matatu: umehesabu nini, umewahesabu nani, na watoto wamepata nini? Akijibu yote matatu kwa ukweli, tumlipe. Akishindwa, bando letu likae mfukoni.